Peugeot Ilisifiwa, Probox Inasukumwa

Kila polisi wanapozikamata Probox zilizojaza abiria kati ya Kakamega na Mumias, hakosi mtu mzima wa kuikumbuka Peugeot. Enzi hizo, husema, gari lilikuwa gari.

Sifa hiyo ilipatikana matopeni. Mercedes-Benz ilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mara 3 mfululizo, 1959 hadi 1961, lakini ikabaki gari la wachache. Mwaka 1963 mvua iliharibu njia kiasi kwamba ni magari 7 tu yaliyomaliza. Washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akashinda na 404. Mwaka 1968 mvua ikarudi: tena magari 7, tena Nowicki na Cliff, tena 404! Baada ya hapo muuzaji wa Peugeot alihitaji tangazo la nini? Ove Andersson aliongeza ushindi wa 1975 kwa 504, Jean-Pierre Nicolas ule wa 1978.

Basi Peugeot ikawa gari la wakubwa, na ile ndefu yenye safu 3 za viti ikawa teksi ya safari za mbali, Nairobi hadi magharibi. Aliyeipanda alivaa vizuri. Ufaransa iliacha kuunda 504 ya abiria mwaka 1983, ilhali Kenya iliendelea kuiunganisha miaka mingi baadaye. Kisha soko likafunguliwa, magari ya mitumba ya Japani yakaingia.

Probox ilizinduliwa Japani mwaka 2002, gari la kubebea mizigo ya kazini, injini ya lita 1.3 au 1.5. Mafuta inakunywa kidogo na fundi wa kijijini anaimudu. Lakini ina viti 5 tu. Huku kwetu hujazwa hadi abiria mmoja akabanana na dereva kwenye kiti chake, halafu ajali ikitokea lawama zote huangukia gari.

Huo ni uonevu. Peugeot ile iliundwa na safu ya tatu. Probox imebebeshwa kazi hiyo bila kupewa viti. Wanaotoa leseni za uchukuzi waruhusu magari madogo yenye safu 3 halali yahudumie Malava, Butere na Shinyalu, nauli ikiwa ile ile. Nawe abiria, ukiitwa kukaa na dereva, kataa, ungojee gari linalofuata.