Mstari Kati ya Mbeya na Kyela

Anayetoka Mbeya kwenda Kyela huanza safari na sweta na kuimaliza kwa jasho. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Iringa nayo haiachwi mbali kwa mwinuko. Ukishaipita migomba na chai ya Tukuyu, unateremka hadi kwenye mpunga wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, mita 500 tu, na mbu wa huko hawana simile. Teremko la namna hiyo ndilo lililowafundisha madaktari jambo kubwa kuhusu saratani.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alitupa jicho dirishani akamwona msichana mwenye uvimbe uleule. Mtu mwingine angesema bahati mbaya tu. Yeye akaanza kuuliza hospitali moja baada ya nyingine: mmewahi kuona mtoto wa namna hii, na wapi?

Tarehe 7 Oktoba 1961 akaondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya Ford kuukuu. Walikwenda wiki kumi na kilometa 16,000, hadi kusini mwa Afrika. Kwenye ramani yao mstari ukajichora wenyewe. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mita 1,500 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo kikomo kilivyoshuka. Kumbe si mwinuko, ni joto: penye baridi ya chini ya nyuzi 16 haukuonekana. Kwa kipimo hicho Mbeya na Iringa zinabaki juu ya mstari, Kyela chini yake.

Wengi wakamshuku mbu. Walikuwa nusu sahihi: mbu huleta malaria, na malaria ya kila mara huilegeza kinga ya mtoto. Mshukiwa wa pili alinaswa London mwaka 1964, pale Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walipokiona kirusi katika seli za uvimbe zilizoletwa kwa ndege kutoka Uganda. Ajabu ni kwamba karibu kila mtu mzima duniani anacho kirusi hicho, na wengi hakiwadhuru.

Uvimbe wenye mkono wa kitu cha kuambukiza haumkuti binadamu peke yake: katika miamba ya bahari ya Florida, mtafiti Michael Schmale alikuta habari ya jamaa hiyo kwa samaki wadogo wenye uvimbe wa neva. Majimaji ya uvimbe yaliyochujwa seli zote, yakidungwa samaki mzima, nayo humletea uvimbe. Kwa binadamu ugonjwa unaofanana na huo hutokana na kasoro ya jeni. Kwa samaki hao, kuna kitu kinachohama.

Turudi kwa watoto: saratani hiyo ya taya, iitwayo sasa uvimbe wa Burkitt, hukua upesi, pengine maradufu kwa siku mbili, lakini dawa huuyeyusha ukiwahiwa. Mtoto akivimba taya, usisubiri ukidhani ni jino. Mpeleke hospitali leo.