Mwajiriwa Darasani: Historia Fupi ya Taaluma Mseto katika Vyuo Vikuu vyetu

Makala haya yanachunguza swali linaloonekana kuwa la kiutawala ilhali ni la kitaaluma: shahada ya uzamili inayovuka mipaka ya idara na kumlenga mtu aliye kazini yapaswa kuundwaje? Swali hili lina pande mbili: ni nini kinachofundishwa na ni nani anayefundishwa. Tunadai kwamba historia ya vyuo vyetu imezishughulikia pande hizo mojamoja, bila kuzikutanisha.

Upande wa kwanza ulizuka Nairobi. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Walipendekeza idara ambamo fasihi na lugha za Kiafrika zingekuwa kitovu, fasihi simulizi ikiwamo. Mageuzi yalikuja, ila si kwa umbo hilo. Idara ya Fasihi ilisimama peke yake, na Kiswahili kikawekwa pamoja na isimu katika idara nyingine. Hivyo, kwa miaka mingi, mwanafunzi wa riwaya ya Kiafrika na mwenzake wa riwaya ya Kiswahili waliweza kuhitimu katika chuo kimoja bila kusomana. Waraka uliotaka kuunganisha ulizaa ukuta mpya.

Upande wa pili ulijitokeza zaidi Tanzania. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwa angalau miaka miwili kabla ya kujiunga na chuo kikuu. Ingawa lilihusu shahada ya kwanza, lilileta darasani watu waliokwisha kuonja kazi. Aidha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa tayari kinafundisha Taaluma za Maendeleo kama somo la wanafunzi wote. Hata hivyo, somo lililoongezwa juu ya masomo mengine haliyaunganishi. Huyaacha yalivyo na kumzidishia mwanafunzi mzigo.

Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, na haja ya walimu ikapanda. Mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya ualimu kwa njia ya masafa, na mwaka 1998 kikafungua mpango wa wanafunzi wa kujilipia karo, ambao wengi wao walisoma jioni. Mlango ulifunguka kwa wafanyakazi. Lakini kilichobadilika ni saa ya mhadhara. Mtalaa ulibaki ule wa mchana.

Athari zake nilizishuhudia katika chuo kimoja nilikofundisha jioni. Mwanafunzi mmoja, mkalimani wa mahakamani, alitaka kuchunguza jinsi ushahidi unavyobadilika unapohamishwa kutoka Kiswahili hadi Kiingereza. Wanaisimu walimwambia hiyo ni sheria. Wanasheria wakasema ni tafsiri. Sisi wa fasihi tukamwuliza matini yake iko wapi. Alimaliza masomo yote ya darasani, akalipa karo yote, na tasnifu haikuandikwa. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Huyu hakushindwa na njia. Alikosa mwenye kumwonyesha zinapokutana.

Tangu Katiba ya 2010 ikifanye Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kiingereza, maswali kama lake hayawezi kusukumwa kando. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, programu ianze na tatizo linalotoka kazini, kisha ndipo taaluma zinazohitajika ziteuliwe. Pili, pawe na kozi moja ya mbinu za utafiti inayofundishwa kwa pamoja na wahadhiri wa idara husika, wakibishana mbele ya wanafunzi. Tatu, usimamizi wa tasnifu ukabidhiwe bodi moja yenye mamlaka ya kuidhinisha, badala ya kumwacha mwanafunzi abishe hodi idara kwa idara.

Wapo watakaohofu kwamba fasihi itamezwa. Hofu hiyo ina msingi iwapo fasihi itaingia kama pambo la taaluma nyingine. Lakini anayejua kusoma usimulizi, kimya na kinaya ana la kumfundisha mkalimani, mhariri na hakimu. Kuwafungia mlango hao ni kuipunguzia fasihi wasomaji wake walio makini zaidi.