Kwa nini diski ya arusi inakatika-katika: historia fupi ya video katika mashini za DVD

Katika familia nyingi za Kivu na Ituri, kumbukumbu za arusi na matanga hazimo katika albamu ya picha. Zimo katika diski, iliyoandikwa majina ya bwana na bibi arusi kwa kalamu nene. Watu wanaokimbia vita huacha vitanda, sufuria na mbuzi, lakini diski huingia kati ya nguo bila kuongeza uzito. Ikifika siku ya kuazima mashini kwa jirani, diski moja inacheza vizuri, ya pili inakatika-katika, ya tatu inatoa sauti tu na kioo ni cheusi. Watu husema mashini imekufa. Mara nyingi mashini haina kosa. Sababu ni namna video ilivyobanwa siku ile ilipoandikwa.

Kubana huko kulianza na shida ya hesabu. Diski ya CD, iliyotoka mwaka wa 1982, ilitengenezwa kwa ajili ya muziki. Ikizunguka kwa mwendo wake wa kawaida, inatoa karibu biti milioni 1.4 kwa sekunde. Video ya televisheni isiyobanwa inadai zaidi ya biti milioni 150 kwa sekunde ileile. Mwaka wa 1988 Leonardo Chiariglione wa Italia na Hiroshi Yasuda wa Japani walianzisha kundi la wataalamu liitwalo MPEG ili kutafuta njia. Njia waliyoipata ni hii: usiandike kila picha nzima. Andika picha moja kamili, kisha zinazofuata andika tu kilichobadilika. Padri akisimama mbele ya altare, ukuta nyuma yake haubadiliki. Kwa nini uandikwe mara 25 kila sekunde?

Kutokana na kazi hiyo, makampuni ya Philips, Sony, Matsushita na JVC yalitoa kanuni za Video CD mwaka wa 1993. Kanuni zilikuwa kali: picha ya nukta 352 kwa 288 kwa televisheni za mfumo wa PAL, biti 1,150,000 kwa sekunde kwa picha, 224,000 kwa sauti, bila kupanda wala kushuka. Diski ilibeba dakika 74 tu. Filamu ya saa moja na nusu haikuingia, na ndiyo maana watu walizoea kuinuka katikati ya hadithi kubadilisha diski.

Ukali huo ulikuwa na sababu. Ndani ya mashini kuna akiba ndogo ya kumbukumbu, makumi machache tu ya kilobaiti kwa Video CD. Diski inajaza akiba hiyo, chipu inachota. Ni kama bidoni lililowekwa chini ya bomba: maji yanaingia kwa mwendo mmoja, na mama anachota kwa kikombe. Akichota haraka kuliko bomba linavyotoa, bidoni linakauka na kazi inasimama. Video inaposimama katikati ya wimbo, mara nyingi ni bidoni hilo limekauka.

Nchini China ndiko mashini za Video CD zilipata nguvu. Kampuni ya Wanyan ya mkoa wa Anhui ilitoa mashini yake mwaka ule wa 1993, viwanda vingine vikafuata, bei ikashuka. Mashini hizo za bei rahisi zilifika Afrika pia, na filamu za Nijeria zilisafiri sana kwa diski hizo. DVD ilitoka Japani mwezi wa Novemba 1996 ikiwa na nafasi ya gigabaiti 4.7 kwa tabaka moja, picha ya nukta 720 kwa 576, na ruhusa ya kufika biti milioni 9.8 kwa sekunde. Bado kila aina ilikuwa na kanuni yake, na diski iliyofuata kanuni kwa kawaida ilicheza katika mashini ya aina hiyo.

Fujo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990. Mfaransa Jérôme Rota alichukua kodeki ya Microsoft, akaifungua na kuigeuza ikawa DivX. Filamu nzima ikaingia katika CD moja ya megabaiti 700, na ilionekana vizuri kuliko Video CD. Lakini ilitengenezwa kwa kompyuta. Mwaka wa 2001 ikazaliwa Xvid, ya bure, na miaka michache baadaye mashini za mezani zikaanza kuandikwa DivX mbele. Maandishi hayo yaliahidi mengi kuliko chipu ilivyoweza. Kodeki hizo zina hila za kupima mwendo wa picha hadi robo ya nukta, au kuhesabu mwendo wa kamera nzima kwa pamoja. Kompyuta inaziweza, mashini nyingi za mezani zinashindwa, picha inavunjika vipande au inasimama.

Tena biti hazikuwa za mwendo mmoja. Mzee akitoa hotuba amekaa, zinashuka. Ndombolo ikianza, watu ishirini wanatikisika, vumbi linapaa, kila nukta inabadilika, biti zinapanda ghafla. Ndipo arusi inakatika, palepale pazuri. Waliochagua ubora wa juu kabisa wakidhani wanamfurahisha mteja ndio waliomharibia.

Siku hizi shida ni nyingine. Simu nyingi hurekodi kwa H.264, kodeki iliyotoka mwaka wa 2003, na mashini za zamani hazina chipu ya kuisoma hata kama zina tundu la flashi. Kubadilisha jina la faili kutoka mp4 kuwa avi hakusaidii, kwa sababu jina ni maandishi ya juu ya sanduku tu. Kilichomo ndani kinabaki kilekile.

Dawa imo katika zile kanuni za zamani. Programu ya bure ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka wa 2000, bado inajua kuandika kwa vipimo kamili vya Video CD na vya DVD, kila kimoja kwa amri moja fupi. Anayetaka Xvid azime hila zile mbili, asipite nukta 720 kwa upana, aweke kikomo cha biti, na sauti iwe MP3. Kwa flashi ya mfumo wa FAT32, faili isifike gigabaiti 4.

Diski zilizochomwa mtaani zina rangi ya kemikali inayoharibiwa na jua na joto, na hema la turubai lina vyote viwili. Kwa hiyo diski ya zamani inakiliwa kwanza jinsi ilivyo, kabla ya kubanwa upya, maana kila kubana kunapoteza kitu. Kwa Video CD, inayotafutwa ni folda ya MPEGAV. Ndani yake kuna faili yenye jina kama AVSEQ01.DAT. Haionekani kama video, na wengine huifuta wakidhani ni takataka, lakini arusi yote imo humo, na VLC inaifungua.