Usimamizi wa miradi

Usimamizi wa miradi ni taaluma ya kupanga, kuongoza na kudhibiti kazi yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, ili izae matokeo yaliyokubaliwa kwa muda, gharama na ubora uliowekwa. Kujenga kituo cha afya ni mradi. Kutibu wagonjwa humo baada ya kufunguliwa ni uendeshaji. Kutandika reli ni mradi. Kupitisha treni juu yake ni uendeshaji. Mradi unapokamilika huvunjwa: watu hutawanyika, hesabu hufungwa, na kilichojengwa hukabidhiwa kwa wengine.

Kiini cha taaluma hii ni mgawanyo wa wajibu: nani anaamua, nani anatenda, nani anakagua na nani atakabidhiwa. Ratiba, chati na programu za kompyuta ni zana muhimu, lakini haziwezi kuziba pengo la uamuzi usio na mwenyewe. Katika Afrika Mashariki jambo hili huonekana wazi kwa kulinganisha miradi miwili ya karne ya 20, Mpango wa Karanga wa Tanganyika na reli ya TAZARA kati ya Tanzania na Zambia, inayoelezwa hapa chini.

Historia

Binadamu amesimamia kazi kubwa tangu zamani za kale, ila kuifanya kazi hiyo taaluma yenye kanuni, vyama na mitihani ni jambo la karne ya 20. Mwaka 1896 mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alibuni mchoro wa kuonyesha jinsi kazi za kiwandani zinavyotegemeana. Henry Gantt (1861–1919), mhandisi wa Marekani, alieneza chati inayobeba jina lake: kila kazi huchorwa kama mstari wa mlalo, na urefu wa mstari huonyesha siku zake. Chati ya Gantt bado hubandikwa katika ofisi za miradi hadi leo.

Hatua kubwa zaidi ilifuata miaka ya 1950. Mwaka 1957 kampuni ya kemikali ya DuPont ilianza kutumia hesabu ya njia muhimu, yaani mfululizo wa kazi ambazo ikichelewa moja, mradi wote unachelewa. Mwaka 1958 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilibuni mbinu ya PERT kwa ajili ya mradi wa kombora la Polaris, ili kukadiria muda wa kazi ambazo hazijawahi kufanywa na mtu. Chama cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, IPMA, kiliundwa Ulaya mwaka 1965, na taasisi ya PMI ikaanzishwa Marekani mwaka 1969.

Karibu na wakati huo huo shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipata mfumo mantiki: jedwali linalounganisha lengo kuu, matokeo, shughuli, viashiria na mambo ambayo mradi unayategemea bila kuyadhibiti. Ndilo jedwali ambalo mashirika mengi ya maendeleo ya Afrika Mashariki hulijaza yanapoomba fedha. Mwaka 2001 wataalamu 17 wa programu za kompyuta walikutana Utah, Marekani, wakatoa tamko la mbinu za ajaili. Katika mbinu hizo kazi hugawanywa katika vipindi vifupi, na mteja huonyeshwa matokeo kila kipindi kinapokwisha.

Vigezo vya mradi

Kila mradi hubanwa na mambo matatu: upeo wa kazi, muda na gharama. Moja likisogezwa, mengine husogea. Mteja akitaka darasa la ziada bila kuongeza fedha wala muda, kitakachoumia ni ubora: nondo zitapungua unene, saruji itapunguzwa kwenye mchanganyiko, ukuta utapigwa lipu kabla haujakauka. Kuna mambo ambayo hayakubali kuharakishwa. Zege, kwa desturi, hupimwa nguvu yake kamili baada ya siku 28, na hakuna amri ya ofisi inayoweza kuzifupisha. Meneja mzuri huyasema haya mapema, tena kwa maandishi, ili mwenye mradi achague akijua anachokipoteza.

Hatua za mradi

Mradi huanza na wazo, kisha upembuzi yakinifu, ambao huuliza kama jambo lenyewe linawezekana, lina faida, na linastahili fedha zinazotakiwa. Hufuata usanifu na mipango: kazi kuu huvunjwa kuwa kazi ndogo, kila kazi ndogo hupewa muda, gharama na mwenye kuitenda. Katika ujenzi, hapa ndipo huandaliwa michoro na orodha ya makadirio ya vifaa na kazi, na zabuni hutangazwa.

Utekelezaji na ufuatiliaji huenda pamoja. Vikao vya eneo la kazi hufanyika, maendeleo hupimwa, na mkandarasi hulipwa kwa kazi iliyokwisha kukaguliwa. Hatua ya mwisho ni makabidhiano. Mikataba ya ujenzi huweka muda wa matazamio, ambao mara nyingi ni miezi 6 au 12, na katika muda huo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake. Sehemu ya malipo huzuiliwa hadi muda huo upite salama.

Majukumu katika mradi

Waswahili husema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na methali hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kugawa majukumu. Katika jedwali la wajibu, kila kazi inaweza kuwa na watendaji kadhaa, washauri kadhaa na wengi wa kupewa taarifa, lakini mwenye kuijibia huwa mmoja tu. Majukumu makuu ni haya:

Mwenye mradi, ambaye katika mikataba ya ujenzi huitwa mshitiri, ndiye anayehitaji matokeo na ndiye atakayekabidhiwa. Anaweza kuwa wizara, halmashauri, kampuni au kijiji. Kazi yake ni kusema wazi anataka nini, kutoa eneo lisilo na mgogoro, na kulipa kwa wakati.

Mfadhili hutoa fedha. Wakati mwingine ndiye mwenye mradi, wakati mwingine ni benki au nchi rafiki. Mfadhili akianza kutoa amri za kila siku, meneja hubaki na jina tu.

Kamati ya uongozi wa mradi hukutana kwa vipindi kuamua mambo yaliyo juu ya uwezo wa meneja: kubadili upeo, kuongeza fedha, au kusitisha kazi. Mamlaka ya kusitisha ni muhimu mno, kwa kuwa mradi uliokwisha kumeza fedha nyingi huwa na watetezi wengi hata pale ambapo sababu ya kuwapo kwake imekwisha.

Meneja wa mradi hubeba jukumu la kila siku. Hutunza ratiba na bajeti, huorodhesha hatari kabla hazijatokea, hupatanisha wanaovutana, na hutoa taarifa za kweli kwa kamati. Si lazima awe fundi bora kuliko wote. Lazima ajue kazi gani inaisubiri ipi.

Wataalamu washauri hulinda ubora na thamani ya fedha. Mbunifu majengo huchora, mhandisi mshauri husimamia uimara, na mkadiriaji majenzi hupima kazi iliyofanyika na kukadiria malipo. Hawapaswi kuwa upande wa mkandarasi.

Mkandarasi hujenga kwa mujibu wa mkataba. Chini yake kuna wakandarasi wadogo wa umeme na mabomba, mafundi, vibarua, na fomeni anayewapanga asubuhi na kuhesabu kazi jioni. Miradi mingi hunusurika au huharibika mikononi mwa fomeni, kwa sababu yeye ndiye anayeona zege inavyochanganywa.

Afisa ufuatiliaji na tathmini hukusanya takwimu na kuuliza kama kinachofanyika kinaleta mabadiliko yaliyokusudiwa.

Wadau ni wote wanaoguswa na mradi: wakazi, wenye mashamba, watumiaji wa baadaye, mamlaka za mazingira. Ushiriki wao una maana pale tu wanapoulizwa mapema, maoni yao yakiwa bado yanaweza kubadili mpango.

Miradi midogo ya jamii nayo ina mgawanyo wake. Nchini Tanzania, shule au zahanati ikijengwa kwa kutumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, huundwa kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ya vifaa. Anayenunua saruji siye anayehesabu mifuko inaposhushwa. Nchini Kenya, miradi ya mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, hutekelezwa kupitia kamati za usimamizi wa miradi zinazoundwa katika jamii husika. Utaratibu huu hauhitaji kompyuta wala shahada, unahitaji kuheshimiwa.

Mpango wa Karanga wa Tanganyika

Mwaka 1946 Frank Samuel wa Kampuni ya United Africa aliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga Tanganyika ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliofuata Vita Kuu ya Pili. Ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki chache, ukarudi na pendekezo la ekari 3,210,000, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, kwa takriban pauni milioni 24. Halikulimwa kwanza shamba la majaribio. Kazi ilianza Kongwa, katika nchi ya Wagogo, mwaka 1947.

Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, na mengi yaliharibika haraka kwenye visiki na mizizi ya pori. Udongo wa Kongwa ulikauka na kuwa mgumu mvua zilipokatika, na mvua zenyewe hazikuwa za kutegemewa. Wagogo waliijua nchi yao. Njaa ya Mtunya, iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa bado katika kumbukumbu za watu wazima. Hata hivyo ujuzi wao haukupewa nafasi katika upembuzi.

Kasoro ya majukumu ilikuwa kubwa kuliko kasoro ya matrekta. Kampuni iliyopendekeza mpango ilikuwa na mtu wake katika ujumbe wa kuuchunguza, kisha ikawa mtekelezaji wa kwanza, hadi shirika la umma lilipopokea kazi mwaka 1948. Fedha na maamuzi vilikuwa chini ya Wizara ya Chakula huko London, wakati utawala wa Tanganyika ulikuwa chini ya Wizara ya Makoloni. Aliyependekeza, aliyechunguza na aliyetenda walikaribiana mno, na aliye mbali ndiye aliyeamua. Mpango uliachwa Januari 1951, baada ya hasara ya takriban pauni milioni 36.

Reli ya TAZARA

Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilikuwa inategemea njia za kusini, zilizopita Rhodesia, kusafirisha shaba yake. Marais Julius Nyerere wa Tanzania na Kenneth Kaunda wa Zambia walitaka reli ya kufika Bandari ya Dar es Salaam. Tathmini ya Benki ya Dunia ilikwisha kusema reli hiyo haingelipa. Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano Beijing, Septemba 1967, na China ikatoa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988.

Tofauti na Kongwa, upimaji na usanifu ulichukua takriban miaka miwili kabla ya ujenzi kuzinduliwa Oktoba 1970. Wamiliki walikuwa nchi mbili zenye mamlaka ya pamoja, mtekelezaji alikuwa mmoja, na lengo lilieleweka kwa kila kibarua. Reli ya kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, yenye madaraja takriban 320 na mahandaki 22, ilikamilika kutandikwa mwaka 1975, kabla ya muda uliopangwa, na kukabidhiwa Julai 1976. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli hupanda kutoka Bonde la Kilombero. Wafanyakazi wa China na wa Afrika walipoteza maisha katika kazi hiyo, na makaburi ya Wachina yanatunzwa hadi leo Gongo la Mboto.

Hata hivyo, kukamilika kwa mradi si kukamilika kwa faida. Injini za mwanzo hazikumudu vizuri milima, na mwaka 1978 Zambia ilifungua tena njia ya kusini. TAZARA ilifaulu kama mradi na kutaabika kama shirika, jambo linaloonyesha kwa nini atakayekabidhiwa lazima ashirikishwe tangu upembuzi.

Mradi na mwananchi

Katika maeneo mengi ya ujenzi wa umma Tanzania na Kenya husimikwa bango linalotaja mshitiri, mfadhili, mhandisi mshauri, mkandarasi, na mara nyingi gharama na tarehe za kuanza na kumaliza. Kila mstari wa bango ni jukumu lenye mtu wa kuulizwa. Barabara ikichelewa kwa sababu fidia haijalipwa, wa kuulizwa ni mshitiri. Ukuta ukipasuka ndani ya muda wa matazamio, wa kuitwa ni mkandarasi, na aliyepitisha kazi hiyo ana maelezo ya kutoa. Mwananchi anayeujua mgawanyo huu hupeleka swali lake mahali panapostahili, na kwa kufanya hivyo huwa sehemu ya ukaguzi ambao hakuna mradi wa umma unaopaswa kukosa.