Laptopu ya mtumba: kioo si kibovu, mifumo haijaelewana

Mavuno yakishauzwa, wapo wasikilizaji wetu wanaotuma pesa kwa ndugu aliyeko Dar es Salaam awanunulie laptopu ya mtumba Kariakoo, ya kuwekea hesabu za kikoba. Inafika na basi, inawaka vizuri, lakini mwanga wa kioo haupungui wala hauongezeki. Au ukiifunga ilale, ukiifungua inabaki nyeusi tii. Fundi anakwambia kioo kimekufa, nunua kingine. Subiri kwanza.

Ndani ya laptopu mna programu ndogo iliyowekwa kiwandani, ambayo mafundi huiita BIOS. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, hiyo ndiyo huamka kwanza, kisha huukabidhi kazi mfumo endeshi, yaani Windows au Linux. Hizo mbili huelewana kuhusu chaji, feni, mwanga na kulala kwa utaratibu unaoitwa ACPI, uliotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Ndani yake limo swali: wewe ni Windows ya toleo lipi? Kwa kila jibu BIOS inaweza kufuata njia tofauti, na watengenezaji wengi hujaribu vizuri njia ya Windows waliyouzia laptopu hiyo. Njia nyingine huachwa hivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo Linux ikiulizwa kama ni Windows hujibu ndiyo, na ikiulizwa kama ni Linux hujibu hapana! Uongo huo husaidia mara nyingi, lakini una gharama yake. Karibu mwaka 2013, Linux ilipoanza kukubali kuwa ni Windows 8, laptopu nyingi, zikiwemo ThinkPad, ziligoma kubadili mwanga. Vioo vilikuwa vizima. Kwa nyingi, dawa ilikuwa mstari mmoja wa maandishi kwenye mipangilio ya kuwashia, wa kuikataza Linux kujiita Windows 8.

Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa hiyo muuzaji anaweza kukupigia Linux. Si vibaya, tena ni ya bure, ila ijaribiwe.

Mwambie ndugu yako, akiwa bado dukani na hajalipa, apandishe na kushusha mwanga, aifunge ilale dakika tano kisha aifungue, achomoe chaja, asikilize feni. Afanye hivyo kwa mfumo uleule utakaoutumia wewe, si kwa ule uliokuwemo kabla haijapigwa upya.

Kama imeshafika kijijini, fundi aiwashe kwa flashi yenye Linux ya toleo jingine. Mwanga ukibadilika, kioo chako hakina kosa, usinunue kingine. Akitaka kuweka BIOS mpya, betri iwe imejaa na chaja imechomekwa: umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo na betri ni mbovu, laptopu inaweza isiwake tena.