Mwalimu Aliyeutia Upepo Hatamu

Upepo ni nguvu isiyo na bwana. Leo huvuma ukang'oa miti, kesho hutulia hata jani lisitikisike. Mabaharia wa pwani yetu walijifunza kuusubiri msimu wake. Lakini mwenye kutaka taa hawezi kusubiri, kwa maana usiku huingia kila siku.

Shida hiyo ndiyo iliyomkabili Poul la Cour, mwalimu wa shule ya Askov katika nchi ya Denmark. Alizaliwa mwaka 1846, akasomea elimu ya hali ya hewa, na mwaka 1878 akaenda Askov kuwafundisha vijana wa mashambani. Aliona kwamba umeme ulikuwa ukiwafikia watu wa mijini, na wakulima wakiachwa gizani. Mwaka 1891, kwa msaada wa fedha za serikali, alijenga kinu cha upepo cha kuzungushia dainamo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuusawazisha mwendo. Upepo ulipozidi, dainamo ilikwenda mbio kupita kiasi. Ulipopungua, umeme ulififia. La Cour akabuni chombo alichokiita kratostati. Ukanda uliotoka kwenye kinu ulikazwa kwa uzito maalumu. Nguvu zilipozidi kipimo, ukanda uliteleza, na dainamo ikapata kiasi chake tu.

Kazi ya pili ilikuwa kuweka akiba. Alipitisha umeme katika maji, nayo maji yakagawanyika kuwa haidrojini na oksijeni. Tangu mwaka 1895 hadi 1902 gesi hizo ziliwasha taa za shule. Hivyo upepo wa jana ukawa mwanga wa leo. Hata hivyo hatari haikukosekana: gesi hizo mbili zikichanganyika, cheche moja yatosha kuleta mlipuko. Ilibidi zitengwe kwa uangalifu mkubwa.

La Cour alifariki mwaka 1908, lakini kabla ya hapo alikwisha kuwafunza vijana wengi kazi ya umeme wa mashambani.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kutengeneza haidrojini kwa nguvu zisizokwisha, kama vile jua, upepo na mvuke wa ardhini. Mitambo ya siku hizi ni mikubwa kuliko kile kinu cha Askov, lakini maswali ni yale yale mawili: nguvu zikizidi, tuzizuieje? Na zikipungua, tutumie akiba gani? Atakayeyajibu huenda yuko darasani leo.