Maziwa Yalipohamia Famasi

Ukiuliza hapa Masese ni nani humtunza mgonjwa wodini, utatajiwa daktari na muuguzi. Mfamasia anajulikana kama mtu wa dirishani, anayekabidhi vidonge na kuita jina linalofuata. Mimi naona historia ya utapiamlo Uganda inampa nafasi kubwa zaidi.

Cicely Williams aliueleza unyafuzi, au kwashakoo, mwaka 1933 akiwa Gold Coast, Ghana ya leo. Mulago, Kampala, Hugh Trowell na wenzake walihangaika na watoto wa namna ile ile, miguu imevimba na nywele zimebadilika rangi, hata mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean wakauandikia kitabu kizima. Tegemeo lao kubwa lilikuwa maziwa. Kituo cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa Mulago miaka ya 1960, kiliongeza jambo ambalo binafsi nalipenda zaidi: mama alifundishwa kupika kitobero, ndizi zikipondwa pamoja na maharagwe, karanga au samaki. Bado chakula kilikuwa cha jikoni, dawa ya kabatini.

Mpaka huo ulivunjika miaka ya 1990. Yalikuja maziwa ya F-75 na F-100, yanayopimwa kwa uzito wa mtoto, kwa sababu mtoto aliyedhoofu sana akilishwa mno siku za mwanzo anaweza kufa. Hata madini ya chuma hupaswa kusubiri mpaka apate nafuu. Mwaka 1996 ikabuniwa Plumpy'Nut ya karanga, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaingiza chakula cha aina hiyo katika orodha ya dawa muhimu za watoto. Chakula chenye kipimo, stoo na tarehe ya kuisha muda kinamhitaji mfamasia, tena kando ya kitanda.

Malaria nayo ni hivyo hivyo. Dawa mseto ya atemetha na lumefantrini hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Anayetoa vidonge bila kuuliza mtoto amekula nini amefanya nusu ya kazi.

Mwaloni kwetu mukene, yaani dagaa, hupakiwa kwenye malori, na sehemu kubwa huishia kuwa chakula cha kuku! Mtoto anayeruhusiwa kutoka wodini na paketi zake za karanga anarudi kwa ndugu zake wenye njaa, na mama atazigawa. Simlaumu. Ila mfamasia aliyehesabu paketi za mtoto mmoja angeanza kwa kuuliza: "Mama, nyumbani kuna watoto wangapi?"